Mume wangu kanunua bastola Ohio, sasa silali

MUULIZE MJOMBA

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja za mirathi na viwanja, hizo ntazijibu toleo lijalo inshaallah. Leo ukurasa wote nimewapa watu watatu wanaouliza jambo moja, bunduki za Marekani. Mimi nimekaa Columbus, Ohio, miaka 11, nimeosha vyombo hotelini, nimeendesha teksi usiku, jambo hili nimelala nalo nyumba moja, kwa hivo mtanisamehe nikirefusha.

SWALI

Assalaam alaykum mjomba. Naandika kutoka Wete. Mume wangu alishinda bahati nasibu ya viza kabla hatujaoana, akaja akanioa akarudi, mimi na mtoto wetu Nasra wa miaka 4 tunasubiri makaratasi. Yuko Columbus, kazi yake anapeleka vyakula kwa gari usiku. Mwezi wa pili huu walimvamia vijana wawili kwenye maegesho ya magari wakamtolea bastola wakachukua simu na pesa zote. Juzi tunaongea kwa video nikaona kitu cheusi pembeni ya sahani yake ya wali, namuuliza ananambia nimenunua bastola, na Nasra alikuwa mapajani kwangu akasema baba kaninunulia toi. Toka siku hiyo mjomba silali. Nikimwambia airudishe ananambia we hujui maisha ya huku, huku ni haki ya kila mtu na wala leseni haitakiwi. Jee ni kweli? Hatafungwa, hatarudishwa? Na siku akimpiga mtu itakuwaje? Nimwambie nini?
Mama Nasra, Wete

JIBU

Wa alaykum salaam mwanangu, na pole sana. Kwanza nakuomba usimwanze mumeo kwa ugomvi, maana mtu aliyeelekezewa bastola usiku peke yake kwenye baridi hafikirii kama wewe uliyeko Wete na majirani kila upande. Mimi niliporwa mara moja tu nikiendesha teksi na miezi miwili nzima kila abiria akitia mkono mfukoni natoka jasho. Hofu yake ni ya kweli, tunachobishana nae ni hiyo dawa aliyoichagua.

Sasa sheria. Alokwambia kwa sehemu kubwa ni kweli. Marekebisho ya pili ya Katiba yao yalipita 1791, ni sentensi moja tu, inataja jeshi la wananchi halafu inasema haki ya watu kuweka na kubeba silaha isiingiliwe, basi wakabishana zaidi ya miaka 200 haki hiyo ni ya hilo jeshi la wananchi au ya kila mtu kwake, mpaka 2008 Mahkama ya Juu kwenye kesi ya Heller, majaji 5 kwa 4, wakasema ni ya mtu binafsi, ana haki ya kuweka bastola nyumbani kwake kujihami. 2010 kwenye kesi iliyotoka Chicago wakasema majimbo na miji nayo yanafungwa na hukumu hiyo, na 2022 kwenye kesi ya Bruen wakaiangusha sheria ya New York iliyokuwa ikimtaka mtu aoneshe sababu maalumu ndo apewe kibali cha kutembea nayo. Ohio wenyewe tangu Juni 2022 mtu wa miaka 21 kwenda juu ambae sheria haijamkataza anaibeba kwa kuificha bila leseni. Na mwenye grini kadi, yaani kibali cha kuishi kule moja kwa moja kama mumeo, kwenye hili yumo.

Kama kainunua dukani basi kajaza fomu. Nimewahi kumsindikiza mtu, nimeiona: jina, anwani, namba ya grini kadi, kisha maswali ya ndio na hapana, umewahi kuhukumiwa kosa kubwa, una amri ya korti kwa kumtishia mke au mpenzi, bunduki hii unajinunulia mwenyewe? Halafu mwenye duka anawauliza FBI, wapelelezi wa serikali kuu, kama mtu huyu ana jambo, mtambo huo unafanya kazi tangu 1998, na yule niliemsindikiza jibu lilitoka hata hatujamaliza kutazama visu vilivyotundikwa ukutani. Lakini kama kainunua mkononi kwa mtu, Ohio haimlazimishi muuzaji huyo kuuliza chochote, hapo ndo umuulize vizuri kaipata kwa nani, maana bastola iliyoibiwa ikikutwa kwake ni kesi nzito.

Hayo ndo anayoyajua. Ambayo pengine hayajui ni haya. Kosa la bunduki, hata ambalo hakuna mtu aliyeumia, ni sababu tosha ya mwenye grini kadi kurudishwa kwao, raia akifanya kosa hilo hilo anafungwa anatoka anaendelea na maisha yake, mumeo anaweza kufungwa kisha akapandishwa ndege. Rafiki akimwambia nenda kaninunulie wewe maana mimi wamenikataa, asithubutu, sheria ya 2022 inatoa mpaka miaka 15 jela kwa mtu anaemnunulia aliyekatazwa. Kampuni nyingi kubwa za kupeleka vyakula zinamkataza dereva kuwa na silaha kazini, zikijua wanamfungia akaunti, yaani hiyo bastola aliyoinunua kwa ajili ya kazi inaweza kumtoa kwenye hiyo hiyo kazi. Na ruhusa ya Ohio inaishia Ohio, akivuka majimbo ya jirani lazima asome sheria ya kule kwanza, Michigan kwa mfano kibali kinatakiwa.

Halafu kuna polisi. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka 2016 huko Minnesota polisi walimsimamisha kijana mweusi anaitwa Philando Castile, miaka 32, akifanya kazi ya jikoni kwenye skuli ya watoto, ana kibali halali cha bastola, na alichofanya ni adabu kabisa, alimwambia askari kwa utaratibu kwamba ana silaha ndani ya gari. Askari akampiga risasi mbele ya mpenzi wake na mtoto wa kike wa miaka 4 aliyekuwa kiti cha nyuma. Askari alishtakiwa, 2017 akaachiwa. Mtoto wa miaka 4, Mama Nasra. Mumeo ni mweusi, lafudhi yake ya Kipemba, anaendesha usiku, atasimamishwa tu siku moja, na haki iliyopitishwa 1791 haimfikii kila mtu kwa namna moja pale dirishani kwenye gari.

Na akimpiga mtu? Ohio tangu Aprili 2021 mtu halazimiki kukimbia kwanza akiwa pahala ana haki ya kuwepo. Lakini lazima awe ameamini, kwa sababu ambazo mtu mwengine mwenye akili zake angeziona za maana, kwamba anauliwa au anaumizwa vibaya pale pale, si jana wala kesho, na asiwe yeye aliyeuanza ugomvi. Simu na pesa hazimo. Kijana akishageuza mgongo anakimbia na simu yako ukampiga, mkosa ni wewe. Texas ndo wana sheria inayomruhusu mtu wakati mwengine kuua kulinda mali yake usiku, na watu wengi wanadhani Marekani yote ni Texas.

Tena fikiria ule usiku wenyewe. Wale vijana walipomfika bastola walikuwa wameshaishika mkononi. Yeye ya kwake angeitoa wapi, kiunoni chini ya jaketi mbili na mfuko wa chakula mkononi? Alitoa simu akabaki hai. Angejaribu kuchomoa pengine leo tungekuwa tunachangishana pesa za kumleta nyumbani, na michango ya aina hiyo nimeshachanga Columbus mara mbili.

Naja kwenye lile linalonisumbua zaidi, ambalo we hujaliuliza. Mwaka 2023 Marekani walikufa kwa risasi watu zaidi ya 46,000. Ukisikia hivo unafikiria majambazi, unafikiria skuli. Zaidi ya nusu yao, watu kama 27,000, walijiua wenyewe. Risasi ilikuwa ndani ya nyumba yao, wameinunua kwa pesa yao kwa sababu wanamuogopa mtu wa nje. Na anaejipiga risasi karibu 9 kati ya 10 hawarudi, wakati njia nyengine nyingi mtu huwahiwa, akapona, na wengi waliopona hawajaribu tena.

Mwaka wangu wa nne pale nilikaa na kijana wa kwetu, simtaji. Bastola yake akiiweka kwenye boksi la viatu juu ya friji, na kama mumeo alinunua baada ya kuporwa. Januari ile kazi zilisimama, theluji imefika kwenye vioo vya magari, na mama yake kafariki huku hakuweza kuja kuzika. Alikuwa akicheka kama kawaida mchana, sikujua kitu. Usiku mmoja nimerudi kazini saa tisa, nawasha taa ya jikoni namkuta kakaa kwenye kiti gizani, boksi liko mezani, kifuniko kakiweka pembeni kakinyoosha sawasawa na ukingo wa meza, na kikombe cha chai ya tangawizi kimepoa hajakigusa. Nikamuuliza vile vile bila kuzunguka, unataka kujiua? Hakunijibu. Akalisogeza lile boksi upande wangu kwa vidole viwili, taratibu. Nikalitoa mle ndani tukakaa mpaka alfajiri tukasali, asubuhi nikampeleka hospitali na bastola nikaikabidhi kwa mtu. Leo yupo, ana watoto watatu, kila Iddi ananipigia simu, na usiku ule mpaka leo hatujawahi kuuzungumza. Ningechelewa basi dakika kumi, abiria mmoja zaidi tu, sijui.

Mumeo kavamiwa juzi, yuko peke yake, analala mchana anafanya kazi usiku, mke na mtoto mbali. Wallahi mimi naogopa ile bastola na yeye chumba kimoja kuliko naogopa wezi wa Columbus. Kwa hivo usimuulize tu habari ya bunduki. Muulize analala? anakula? anaongea na nani? Muulize kama anapata mawazo ya kujidhuru, kumuuliza mtu hakumtii wazo hilo, hilo ni jambo lililothibiti. Na umtumie namba hii, 988, ni ya bure Marekani nzima tangu Julai 2022, akipiga au akituma meseji saa yoyote anapata mtu wa kuongea nae.

Ukimwambia airudishe hatakusikia, nawajua wanaume wenzangu. Mwambie hivi: mpaka siku nitakayoshuka na Nasra, nataka iwe kwenye sefu ya chuma, haina risasi ndani, risasi zimefungiwa pahala pengine, na mwambie akuoneshe hiyo sefu kwenye video kama alivyokuonesha bastola. Kufuli ya waya ya kupitisha kwenye bastola maduka mengi na vituo vingi vya polisi kule wanagawa bure, hana udhuru. Juu ya kabati sio kufunga. Chini ya godoro sio kufunga. Tangu 2020 kitu kinachoongoza kuua watoto na vijana wa Marekani wenye umri wa mwaka 1 mpaka 19 ni risasi, imezipita ajali za gari, na Nasra keshaiita toi kabla hata hajaigusa. Kisha mtake abadilishe saa za kazi au maeneo, aache kupokea oda za yale maegesho baada ya saa sita usiku, apeleke vyakula na mwenzake ndani ya gari. Pesa itapungua. Mwambie umekubali ipungue, hilo litamgusa kuliko mengine yote niliyoyaandika hapa.

SWALI

Mjomba sisi ni barza ya Jaws Corner, tunabishana wiki nzima kahawa inapoa. Mwenzetu mmoja anasema Wamarekani wana bunduki majumbani ndo maana hawaonewi na serikali yao, mwengine anasema ndo maana watoto wanauliwa maskulini. Kwani serikali si izikusanye tu?
Wana barza, Mji Mkongwe

JIBU

Wazee wangu, izikusanye vipi? Makisio ya 2018 ni bunduki milioni 393 mikononi mwa raia, nchi yenyewe wakati ule ilikuwa na watu kama milioni 330. Bunduki zimewazidi watu. Na kuibadilisha ile sentensi ya 1791 kunataka thuluthi mbili za mabunge yote mawili halafu majimbo 38 kati ya 50 yakubali, hiyo sioni ikitokea uhai wangu.

Lakini si kweli kwamba hawajawahi kuzibana. 1934, baada ya zama za majambazi wa bunduki za rasharasha, walizitia kodi ya dola 200 kila moja, pesa nyingi sana wakati ule. 1968, mwaka alouliwa Martin Luther King na Robert Kennedy, wakaweka sheria ya leseni za maduka na orodha ya watu waliokatazwa. 1993 sheria ya Brady ya kumchunguza mnunuzi, imepewa jina la msemaji wa rais Reagan aliyepigwa risasi ya kichwa 1981 akabaki na ulemavu. Unaona kila mara lazima damu itangulie. Lakini damu ya skuli ya Newtown 2012, watoto 20 wa darasa la kwanza na watu wazima 6, haikuleta kitu bungeni, mswada wa kuwachunguza wanunuzi wengi zaidi ulianguka 2013, na ilibidi tungoje skuli ya Uvalde 2022, watoto 19 na walimu 2, ndo ikapita sheria ndogo. Siku ya Newtown nilikuwa na abiria, mama mtu mzima, redio inataja idadi, akaniomba nisimamishe gari pembeni, hakushuka, alitaka tu gari isimame.

Huyo mzee wa hoja ya kuonewa na serikali simdharau, wale walioiandika ile sentensi ya 1791 walikuwa wametoka kupigana na mfalme wa Uingereza na hofu hiyo ilikuwa hai. Ila namuuliza, serikali ile ina vifaru na ndege, na ile bastola ya nyumbani imemlinda nani hasa? Castile niliyemtaja juu alikuwa nayo.

Na niwaongezee la kubishania, maana linatuhusu. Mkataba wa kwanza baina ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini Muscat Septemba 1833. Meli za Salem, bandari ya Marekani, zikawa zinakuja hapa na vitambaa vya merikani na bunduki na baruti, zinaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Mkataba unampa mfanyabiashara wa Kimarekani uhuru wa kumuuzia amtakae bidhaa zake, isipokuwa kitu kimoja: bunduki, baruti na risasi hapa Unguja ataiuzia serikali peke yake. Bandari nyengine ruhusa, Unguja hapana. Sayyid alitaka biashara yao yote lakini hapa Unguja akaweka sharti hilo, na Wamarekani wakasaini. Kahawa hiyo wapasheni moto.

SWALI

Shkamoo mjomba. Mimi wa Fuoni, nimepata skolashipu naondoka Agosti kwa viza ya mwanafunzi. Rafiki yangu aliyeko kule ananambia nikifika twende tukapige shabaha na nikitaka naweza kununua bastola ya kujihami. Naruhusiwa?
Mwanafunzi, Fuoni

JIBU

Marahaba mwanangu na hongera. Huruhusiwi. Viza ya mwanafunzi si grini kadi, sheria ya shirikisho inakukataza kununua na hata kuwa nayo mkononi, na kwa sheria hiyo kuishika kwenye uwanja wa shabaha kunahesabiwa. Kuna mwanya wa mwenye leseni ya kuwindia, usiuguse, hukwenda kuwinda. Usiishike ya rafiki yako, usipige nayo picha ukaitia kwenye simu, usikae kwenye gari lenye bunduki ambayo hujui ya nani. Picha kama hiyo inaweza kukutia matatani na viza yako.

Lakini kuna jengine nataka uende nalo. Wewe umekulia Fuoni, ukenda kwa mtu unapiga hodi, hujajibiwa unapiga tena huku ushaingia uwani, na mama wa nyumba anakwambia karibu hata hajakuona uso. Oktoba 1992 mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16, Yoshihiro Hattori, alikuwa Baton Rouge, jimbo la Louisiana, kwa mwaka mmoja wa masomo, kaalikwa sherehe na mwenyeji wake, wakakosea nyumba. Mwenye nyumba akatoka na bastola akamwambia kwa Kiingereza simama hapo hapo, kwa neno ambalo kijana wa watu inaelekea hakulielewa, akaendelea kumsogelea akitabasamu, anadhani wanaendelea na sherehe. Risasi moja ya kifua. Mahkama ikamwachia yule mwenye nyumba 1993. Mwaka 2013 karibu na Detroit binti wa miaka 19 aliyepata ajali ya gari aligonga mlango usiku, akapigwa risasi kupitia mlangoni, huyo mwenye nyumba alitiwa hatiani kwa kuua. Na 2023 Kansas City kijana wa miaka 16 kenda kuwachukua wadogo zake akakosea mtaa, aligonga kengele tu, mzee wa miaka 84 akampiga risasi ya kichwa, Mungu akamnusuru.

Kwa hivo ukialikwa kwa mtu, mtake mwenyeji akutumie picha ya nyumba na namba yake siku hiyo hiyo mchana. Ukifika usiku usipande ngazi, usizunguke nyuma, usichungulie dirishani. Kaa barabarani chini ya taa, mikono nje ya mifuko, mpigie simu, umsubiri atoke mwenyewe.